Kaka Aliyeanzia Pembeni

Neno limeshasomwa, mmelisikia wenyewe, silirudii. Mimi nina mfano tu. Na nawaambia kabisa, mfano wenyewe hauna raha, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Walikuwapo ndugu wawili wa kiume, tumbo moja, ziwa moja. Kaka mtu alikuwa na mashine ya kusaga pale sokoni, mtu mnene, sauti nzito, akikohoa foleni nzima inageuka. Mdogo mtu alikuwa mkavu kama kuni, fundi viatu, maneno yake ya kuhesabika. Baba yao alikuwa fundi karakana ya reli. Huko karakana mafundi walikuwa wakicheza chesi wakati wa mapumziko, na yule baba akaupenda mchezo ule hadi akachonga kete zake mwenyewe kwa kisu, akawafundisha wanawe jioni, sinia la ugali likishaondolewa.

Chesi mmeiona? Ni ubao wa vyumba vyeusi na vyeupe. Kila mmoja ana jeshi lake. Mbele wanasimama askari wadogo, safu nzima, na nyuma yao wakubwa: mfalme, malkia, farasi, ngome, na yule wanayemwita askofu. Mchungaji usinitazame hivyo, jina sikumpa mimi. Huyo askofu hatembei njia iliyonyooka hata siku moja, anakwenda mshazari tu, kona kwa kona. Ukimbana mfalme wa mwenzako akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Basi, hapo mnajua ya kutosha.

Sasa watu wengi wakianza wanaanzia katikati. Askari aliye mbele ya mfalme anasukumwa, wa mwenzako naye anakuja, wanakutana uso kwa uso. Lakini yule baba alikuwa na namna yake nyingine. Akija nyumbani mtu waliyekwaruzana naye, baba hakuanzia katikati. Alimsogeza askari wa pembeni, huku karibu na ukingo, hatua moja tu, halafu akamweka askofu nyuma yake, akatulia. Katikati yote akamwachia mgeni. Watoto wakimuuliza, "Baba, mbona unamwachia?" anasema, "Akae kwanza, ashushe pumzi. Tutaongea." Na kweli waliongea. Mkono unacheza, mdomo unasema, "Bwana wee, juzi pale kisimani nilikujibu vibaya, nimeona aibu." Kufika chai, wanacheka.

Wale watoto walikamata nini? Walimkamata askari wa pembeni. Maneno waliyaacha yakapita.

Baba akafa. Akafa masika, madaraja yanakatika. Mdogo mtu wakati huo alikuwa mbali, mpakani, anashona viatu vya madereva. Akapigiwa simu. Akasema, "Kaka, niko njiani, nazunguka huku juu, barabara imekwenda na maji. Msimzike baba mimi sijafika. Nakuomba kaka, ningoje."

Kaka mtu akasema, "Njoo."

Hakusema nitakungoja, hakusema sitakungoja. Alisema njoo.

Msiba mnaujua ulivyo. Shangazi wanalalamika migongo inauma, wajomba wanaulizia gari la kurudi, wapishi wanasema mchele unaisha, wingu limekaa juu ya migomba na kaburi limeanza kuingia maji. Kila mtu anamtazama kaka mtu. Na kaka mtu, tuseme ukweli, alipenda kutazamwa. Akasimama, akakohoa, akasema, "Tuzike."

Mdogo mtu akafika jioni ile ile, matope mpaka magotini. Akakuta tuta limeshapigwapigwa na majembe, na watu wamepanga mstari wananawa mikono wale chakula. Jamani, wananawa mikono!

Hakulia. Alisimama kando ya lile tuta akasema mbele ya wote, "Kaka, hukuningoja nimzike baba yangu. Siku yako ikifika, mimi sikuziki. Na yangu ikifika, usikanyage."

Watu wakashika midomo. Maana kwa watu wale kiapo cha kutozikana si maneno ya hasira ya kusema kesho nilighafilika. Kikitamkwa kimetamkwa. Hakiondolewi na wazee, hakiondolewi na mbuzi wala salamu. Kinaondolewa na wale wale wawili, wanakaa wanatazamana, mmoja anasema nilikukosea hivi na hivi, wanasukutua maji, wanatema chini, wanaambiana, "Nimekuachia." Imekwisha. Lakini lazima mdomo.

Kaka mtu angeweza kuanguka pale pale akasema, "Mdogo wangu, ni kweli, ningekungoja." Ni maneno mangapi hayo? Mtoto wa chekechea angeyamaliza kabla hajajamba. Lakini shangazi wanatazama, wajomba wanatazama. Akasema, "Na iwe hivyo." Akaenda kunawa.

Miaka ikapita. Mdogo mtu akarudi kutoka mpakani, akajenga ng'ambo ya mto, kila asubuhi anaisikia mashine ya kaka yake ikinguruma. Wakikutana njiani, mmoja anapata ghafla kitu cha kuangalia juu ya mti. Watoto wao walikuwa wanaitana ndugu shuleni, wakifika nyumbani wananyamaza. Wakwe walijifunza kuwaalika kwa zamu. Mnazijua nyumba za namna hiyo? Msinijibu.

Ikafika siku kaka mtu akaanza kukosa pumzi. Akipanda ngazi ya mashine anakaa. Miguu inavimba. Akaenda hospitali, daktari akampima, akamwambia taratibu, "Mzee, moyo wako umepanuka. Dawa tutakupa, zitakusogeza sogeza. Lakini kama una jambo la kuweka sawa nyumbani, liweke sawa."

Aliporudi hakula. Alikaa kwenye kiti chake akaanza kuliona kaburi lake mwenyewe. Aliwaona watu wamelizunguka, mkewe, watoto, wateja wa mashine, kwaya. Na kila akizungusha macho anaona mahali pamoja pako wazi, hapana mtu. Mtu wa kusimama pale ni mmoja tu duniani, na alikwisha kusema hatakuja. Kufa hakumwogopesha kama lile pengo.

Mkewe, mama Sekela, akamwambia, "Baba Sekela, vaa viatu. Vuka mto leo."

"Nikaseme nini?"

"Useme ulikosea kumzika baba bila yeye. Halafu unyamaze akutukane mpaka achoke."

"Mimi kaka yake nikatukanwe uwanjani kwake, watoto wake wanachungulia dirishani?"

"Kwani ukishalala mchangani utakuwa kaka wa nani?"

"Mwanamke, una mdomo wewe."

"Ninao. Ungekuwa na wako tusingefika hapa."

Kaka mtu akanuna siku nzima. Lakini maneno yalimwingia, na akapata njia yake. Kulikuwa na mashindano ya chesi ya wilaya kila mwaka, kwenye ghala la kahawa la ushirika. Hawa ndugu wote wawili walikuwa moto, fundi wao mmoja. Kila mwaka mmoja akijiandikisha, mwingine anajitoa. Mwaka ule kaka mtu akaenda kujiandikisha kimya kimya siku ya mwisho, wakati mdogo wake ameshaingia na hawezi tena kutoka bila kuonekana mwoga.

"Tutakutana mezani," akamwambia mkewe. "Lazima atanitazama. Lazima atanipa mkono, ni sheria. Nitaanza na ule mchezo wa baba, askari wa pembeni. Katikati nitamwachia yote. Ataelewa. Si mtoto wa baba yule?"

"Na asipoelewa?"

"Ataelewa."

"Mwambie kwa mdomo, baba Sekela."

"Mezani hapaongewi, ni mashindano."

Mama Sekela akamwangalia. "Ndiyo maana umepachagua," akasema, akaingia jikoni.

Ninyi mmesikia alivyosema huyo mwanamke? Dunia yote hii ina vibaraza, ina magenge ya chai, ina njia za shambani ambako watu wanakutana hakuna anayesikia. Mwanamume mzima, mgonjwa, ana neno moja la kumwambia ndugu yake, anakwenda kutafuta mahali pekee katika wilaya nzima ambapo kuongea ni marufuku! Huo ndio moyo wa mtu. Unataka kusema, na unajitafutia sababu ya kutosema, kwa wakati mmoja.

Basi, mashindano yakaja. Kila aliyekaa mbele ya kaka mtu akaondoka kichwa chini. Upande wa pili mdogo mtu naye anawatoa. Jioni wakabaki wao wawili. Ghala likajaa, watu wamekaa juu ya magunia, wanajua kabisa hawakuja kuangalia chesi.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mkali wa miwani. Akasema, "Simu zima. Maneno mezani sitaki. Ukigusa kete umeicheza. Ukitaka sare, cheza kete yako, sema 'sare', bonyeza saa, nyamaza. Shikaneni mikono."

Kaka mtu akanyoosha mkono wake mnene. Mdogo mtu akaleta vidole, ncha tu, kama anayepima chuma kama kimepoa. Lakini aligusa. Kaka mtu akahisi sugu za sindano na uzi kwenye vile vidole, akakumbuka vikiwa vidogo, vinang'ang'ania shati lake wakivuka mto. Akakaa.

Kete nyeupe zilikuwa kwake, anaanza yeye. Akamshika askari wa pembeni, akamsogeza hatua moja.

Akamtazama mdogo wake usoni. Akaona mshipa wa shingo umesimama, akaona jicho limelowa. Akafurahi moyoni: amekumbuka! Na ni kweli, alikumbuka. Alimwona baba yao pale, na kisu chake, na kete zake. Sasa sikilizeni alichokielewa. Mdogo mtu akainama juu ya ubao akasema kwa sauti ya chini, "Ulimzika peke yako. Sasa unamcheza peke yako."

Kaka mtu akafungua mdomo. Neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi: Hapana mdogo wangu, nakuomba radhi.

"Kimya mezani!" mwamuzi akasema, kidole juu.

Kaka mtu akafunga mdomo.

Mnaona? Mwenzake amevunja sheria, amesema, mlango umefunguka. Yule mwamuzi angemfanya nini? Angempa onyo. Angemtoa mashindanoni, na kombe liende zake! Jeshi angeita? Lakini kaka mtu, aliyeshindwa kuheshimu ombi la ndugu yake siku ya msiba, siku hiyo akaiheshimu sheria ya mchezo wa mbao. Tunazipenda sheria zinapotuokoa na jambo tusilolitaka.

Wakacheza. Mdogo mtu akachukua katikati yote kwa hasira. Hakuiona ni zawadi, aliiona ni mtego. Na kila alipomwona yule askofu amekaa kule karibu na kona, ametulia, anatazama mshazari, alizidi kuwaka. Akaanza kuwasukuma askari wake wa katikati mbele, mbele, amfukuze farasi wa kaka yake, amvuruge. Kila askari aliyesonga alikuwa anafungua njia. Katikati pakapasuka, na yule askofu wa pembeni akawa anaona moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa mfalme wa mdogo mtu, ubao mzima, hakuna kizuizi.

Kaka mtu akaliona hilo mapema kuliko mwenzake. Akaona kwamba malkia wake akisogea kidogo, mchezo umekwisha, mwenzake asipoziba haraka. Hakutaka. Alikuja kutafuta mtu wa kumzika, hakuja kutafuta kombe. Akatafuta namna ya kutoka. Akacheza kete moja isiyo na madhara, akasema, "Sare."

Watu kwenye magunia wakashangaa. Sare? Mtu anayeshinda anaomba sare?

Mdogo mtu akautazama ubao. Akaona sasa alivyozungukwa. Akaona kwamba kaka yake alikuwa ameshika shingo yake na ameamua kuilegeza kwa hisani. Damu ikapanda. "Huruma yako kawape kuku," akasema, akamsukuma askari mwingine, akapiga saa, pa!

Hapo, wapendwa, hapo ndipo pabaya. Kaka mtu aliona uso wa mdogo wake, ile midomo iliyobanwa, na jambo likamtoka moyoni likaingia jingine. Nyuma yake mtu akacheka, akasema, "Mzee anadharauliwa hivi hivi?" Akakohoa. Akasahau daktari, akasahau lile pengo kaburini, akasahau mama Sekela. Kilichokaa pale hakikuwa tena mgonjwa aliyekuja kuomba msamaha, kilikuwa kaka. Akamshika malkia, akampeleka mpaka mlangoni kwa mfalme, na nyuma yake, kule mbali pembeni, askofu amemlinda. Mfalme wa mdogo mtu hana pa kwenda.

"Imekwisha," kaka mtu akasema.

Ghala likalipuka kwa makofi. Jioni nzima ya kukaa na ndugu yake, maneno aliyomwambia ni hayo: sare, na imekwisha.

Mdogo mtu akasimama, hakutoa mkono, akatoka. Kaka mtu ndipo akazinduka. Akainuka amfuate, pumzi hana, na watu wamemzunguka, wanampiga mgongoni, wanampachika kombe mikononi, simama mzee tukupige picha. Akaita, "Jamani, mdogo wangu, mwambieni angoje!" Alipofika mlangoni alikuta vumbi la pikipiki.

Mmesikia alichoita? Mwambieni. Hata hapo, mwambieni!

Basi kesho yake asingekwenda? Asingevuka mto? Kombe lile lilimchoma machoni, akalifunga kwenye gazeti, akamwita dereva wa bodaboda, akamwambia, "Mpelekee mdogo wangu."

"Niseme nini, mzee?"

"Mpe tu. Atajua."

Mnadhani alijua nini? Mtu amekushinda mbele ya wilaya nzima, kesho yake anakuletea kombe mlangoni, bila neno. Mdogo mtu alilifungua lile gazeti, akalitazama, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akatia maji, akawawekea kuku wanywe. Mke wake akapita sokoni akasimulia. Kaka mtu akasikia akiwa mashineni, akacheka mbele ya watu, "Kuku wake wana bahati." Nyumbani akalala akageukia ukuta.

Akafa kabla mahindi hayajakauka. Mama Sekela alikuwa amemshika mkono. Alisema neno gani la mwisho? Alisema, "Nitamtuma Sekela." Basi.

Siku ya mazishi wajomba wakaanza yale yale: tuzike, jua linakwenda. Mama Sekela akasimama mbele ya jeneza, akasema, "Haziki mtu hapa. Tunamngoja shemeji." Wakangoja. Wali ukapoa, kwaya ikaishiwa nyimbo, wakangoja.

Na mdogo mtu akaja. Alikuja kwa miguu, amevaa shati jeupe limepigwa pasi. Akafika kwenye ua wa michongoma, akasimama nje. Hakuingia.

Mama Sekela akamwendea. "Shemeji, pita."

"Nipo sawa hapa."

"Kaka yako alikuja kwenye ule mchezo kukuomba radhi. Ule mwanzo wa pembeni, ulikuwa wa baba. Alikuwa anakuachia nafasi. Aliniambia mwenyewe."

"Alikwambia wewe," mdogo mtu akasema.

"Kombe pia ni hivyo hivyo. Alitaka—"

"Alikwambia wewe, shemeji. Na bodaboda alimwambia. Mimi je?"

Mchungaji akaona mambo yanakawia, akasogea pale kwenye michongoma akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, usiogope. Viapo hivyo havina nguvu kwa mtu wa Mungu, msalaba ulishavivunja. Ingia umzike kaka yako."

Yule mtu akamtazama. "Mchungaji, sizuiwi na kiapo. Kiapo nilikitema siku nyingi peke yangu, nikiwa nashona. Mimi nilikuwa nangoja aniambie. Yeye alishindwa kuningoja jioni moja. Mimi nimemngoja miaka yote hii, neno moja tu. Kila nikisikia hatua uwanjani nadhani ni yeye. Sasa ameshalala. Nani ataniambia? Wewe?"

Mchungaji akainamisha kichwa, akarudi kaburini.

Wakazika. Watu walizunguka pande zote, wakarusha udongo, na ile sehemu moja ikabaki wazi, hakuna aliyethubutu kusimama pale. Mdogo mtu alishika michongoma kwa mikono miwili mpaka udongo wa mwisho, miiba inamchoma, haachii. Halafu akageuka, akavuka mto, akaenda zake.

Huo ndio mfano.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kumhurumia mdogo mtu. Msimhurumie sana. Mto ule una kina gani? Maji ya kifundo cha mguu! Naye alikuwa na miguu, naye alikuwa na mdomo, alikaa ng'ambo anasikiliza hatua za mwenzake badala ya kupiga zake. Kiapo amekitema peke yake, anamwambia nani? Viatu?

Sasa tuache chesi. Tuje kwetu, sisi tuliokaa hapa na vitenge vyetu vimenyooshwa. Sisi tunaanzia wapi? Umegombana na dada yako, unachagua kanga yenye maneno, unapita nayo mlangoni kwake mara mbili, unasema ujumbe umefika. Umefika wapi? Unaandika kwenye simu maneno ya kuumizwa, unawatumia watu wote wa ukoo ili mmoja aelewe. Unampelekea mkamwana wako mkungu wa ndizi kwa mkono wa mtu mwingine, akisahau kushukuru unaongeza kesi juu ya kesi. Na hapa kanisani je? Unasimama kwenye maombi unasema kwa sauti, "Bwana, lainisha mioyo migumu," jicho moja umefungua uone kama amesikia. Mnacheka. Niliwaambia mcheke mapema, sasa mmechelewa.

Tunajiona wapole kwa sababu hatukugombana uso kwa uso. Tunasema, mimi nilijishusha, nilimwachia nafasi, yeye tu hakuelewa. Hakuelewa! Ulimwambia? Mtu mwenye jeraha ukimjia kwa pembeni anaona unamvizia. Hata zawadi yako anaiona jiwe. Kisha anakujibu kwa ukali, na wewe ile toba yako inageuka hasira, unamshinda, unampiga chini mbele ya ukoo, unarudi nyumbani na ushindi, na lile ulilokwenda kulisema bado liko mdomoni, limeoza.

Nimekaa kwenye misiba mingi. Nawaambia, kwenye kila msiba kuna mtu amesimama mbali kidogo na wenzake, hali wala hanywi, na huyo ndiye anayelia kuliko mjane. Hamlilii maiti. Anangoja maiti aseme. Sisi hapa, nani anatungoja sisi? Usiniangalie mimi, unajua jina lake. Anaishi wapi? Unajua na nyumba. Kosa lako ni lipi, lile lenyewe, si la kuzunguka? Unalijua kuliko ninavyolijua mimi, na mimi nayajua mengi ya kwenu.

Basi inukeni. Sadaka itangoja, wali wa sherehe utangoja. Wengine hamna haja hata ya kutoka nje ya mlango huu, ni kuvuka tu hicho kijia cha katikati ya mabenchi. Mfikie, mtazame machoni, useme, "Nilikukosea," utaje na kosa lenyewe. Mimi leo sifungi kwa sala. Amina mtaisemea huko huko, mbele ya mtu mwenyewe.